Mikono mitupu, karoti ndefu: kuwalisha ng'ombe wenye manyoya wa Uskoti

SWALI: Mimi ni bibi wa wajukuu wawili, naandika kutoka Moshi. Mwezi wa nane, Mungu akipenda, mimi na mzee wangu tutakwenda Glasgow kwa binti yetu. Wajukuu, mmoja wa miaka minne na mwingine tisa, wameahidi kutupeleka mahali pembeni mwa barabara ambapo watu husimamisha magari na kuwalisha ng'ombe wa Kiskoti, wale wenye nywele hadi machoni. Mzee amekulia kwenye ng'ombe na anasema ataingia humo humo walimo. Mimi naziogopa zile pembe. Je, ni wapole kweli? Tuwapelekee nini? Nilifikiria maganda ya ndizi na mkate uliobaki. Na mzee anauliza: ng'ombe hao hawawezi kufugwa kwetu, kwenye baridi ya mlimani?

JIBU:

Shikamoo mama, na mzee nisalimie.

Nendeni. Kwa familia yenye watoto na wazee, matembezi ya kuwalisha ng'ombe hawa yanapita mengi ambayo mtalipishwa fedha nyingi zaidi mjini. Ila pembe unazoziogopa mimi naziweka nafasi ya pili. Ya kwanza ni hicho kifuko cha maganda na mkate. Kiacheni nyumbani kwa binti. Mwende mikono mitupu, mnunue chakula pale pale mtakapofika. Kama hapauzwi chakula, basi siku hiyo ni ya kutazama na kupiga picha.

Wazo la maganda najua limetoka wapi. Moshi ng'ombe yuko bandani nyuma ya nyumba, anakula migomba, mabua ya mahindi, maganda ya ndizi na kilichobaki jikoni, na maziwa anatoa. Hakuna kosa hapo. Lakini Uingereza yote, Uskoti ikiwemo, ni kosa kisheria kumpa mnyama wa kufugwa chakula kilichopita jikoni. Hata karoti, ikishaingia kwenye jiko la nyumba inayopika nyama au maziwa, haifai tena kupelekwa malishoni. Mfugaji akikukaripia kwa sababu ya ganda la ndizi, usidhani ni maringo. Kuna mambo mawili yaliyomfikisha hapo.

La kwanza ni kichaa cha ng'ombe. Ugonjwa ule ulitambuliwa mwaka 1986, na ulienea kwa sababu ng'ombe walilishwa unga wa nyama na mifupa ya wanyama wengine, uliochanganywa kwenye chakula cha kiwandani. Zaidi ya ng'ombe 180,000 waliugua nchini humo. Mwaka 1996, serikali ilipokiri kwamba yaelekea binadamu nao wanaupata kwa kula nyama, ng'ombe waliozidi umri wa miezi 30 walizuiwa kuliwa na watu. Kwa ng'ombe wa Highland, ndio hao wenye nywele hadi machoni, zuio hilo lilikuwa chungu, maana wao hukua taratibu kuliko ng'ombe wa nyama wa kisasa, na wengi huwa bado hawajafikia uzito wa kuuzwa katika umri huo.

La pili ni ugonjwa wa miguu na midomo wa mwaka 2001. Wachunguzi waliufuatilia hadi kwenye shamba moja la nguruwe huko Northumberland, kaskazini mwa England, ambako nguruwe walilishwa mabaki ya chakula yasiyochemshwa inavyotakiwa. Hadi moto huo unazimika, zaidi ya wanyama milioni 6 walikuwa wameuawa, wengi wao kondoo, na wengi hawakuwa wagonjwa. Waliondolewa ili virusi vikose pa kwenda. Kusini-magharibi mwa Uskoti, Dumfries na Galloway, mizoga ilichomwa na kufukiwa kwa maelfu. Kuwalisha mifugo mabaki ya chakula kukapigwa marufuku mwaka huo huo. Misiba yote miwili, kwa hiyo, ilipitia kwenye chakula cha mnyama. Ndiyo maana mfugaji wa huko anamtazama mgeni mwenye mfuko wa plastiki kama mlinzi wa benki anavyomtazama mtu aliyevaa helmeti mlangoni.

Sisi tunaotoka Afrika Mashariki tuna la ziada. Ugonjwa wa miguu na midomo kwetu upo mwaka hadi mwaka. Ng'ombe wa kienyeji huchechemea, hutoka udenda, wengi wakapona, nasi tumeuzoea. Uingereza haupo, na wanataka ubaki hivyo. Kwa hiyo msibebe nyama kavu, mtindi, samli wala jibini kwenye mabegi. Forodha hawaruhusu, hata ikiwa ni zawadi ya mjukuu. Viatu mlivyovaa bandani viacheni Moshi, au visugueni kwa maji na sabuni mpaka kwenye mikunjo ya soli, kabla ya kuvifunga. Na kama mzee atakuwa ameshika mifugo siku chache kabla ya safari, mimi ningemtaka akae siku tano nzima kabla ya kusogelea ng'ombe wa Uskoti. Mna watu wa kuzungumza nao huko Glasgow, siku tano hazitawashinda.

Tuweke sheria kando, tumbo lenyewe nalo lina masharti. Tumbo la kwanza la ng'ombe mkubwa ni pipa la lita 100 na zaidi, limejaa vijidudu vinavyosaga nyasi polepole, na mnyama hutumia saa sita hadi nane kwa siku akicheua. Ukimwaga humo wanga mwingi wa haraka, mkate kwa mfano, vijidudu vya aina nyingine huamka, tumbo hugeuka tindikali, na ng'ombe anaweza kulala chini asiamke. Kipande chako kimoja hakimuui. Shida ni kwamba wewe si mgeni wa kwanza siku hiyo wala wa mwisho, na kila mmoja anadhani kipande chake ni kimoja. Hiyo ndiyo hesabu ambayo mwenye ng'ombe pekee anaijua, kwa sababu yeye ndiye anayepima chakula anachouza kwa siku nzima.

Kuna pia suala la kukabwa. Kiazi kizima au tufaha dogo la mviringo lina ukubwa ule ule wa koo. Likikwama, mnyama hawezi kubeua, gesi inajaa tumboni, na ndani ya saa chache umempoteza. Nimeshuhudia hili kazini kwa ng'ombe wa kawaida kabisa, na si jambo la kumwonyesha mtoto wa miaka minne. Mkiona mtu anarusha matufaha mazima juu ya uzio, mtafuteni mwenye shamba mmwambie.

Sasa upole. Ndiyo, mama, ni wapole, kwa jumla yao. Ng'ombe wa Highland ni kizazi cha zamani. Chama cha wafugaji wao kiliundwa mwaka 1884, na kitabu cha kwanza cha nasaba kikatoka mwaka uliofuata, lakini kabla ya hapo kwa karne nyingi ng'ombe hawa waliishi na maskini wa visiwani na milimani ambao hawakuwa na mazizi makubwa. Katika nyumba za mawe za visiwa vya magharibi, watu walilala upande mmoja na ng'ombe upande mwingine, chini ya paa moja, kama ilivyokuwa kwenye msonge wa Wachagga. Ng'ombe mkorofi hakupata nafasi katika nyumba ya namna hiyo. Halafu wachunga waliwatembeza masafa marefu hadi kwenye minada ya Crieff na baadaye Falkirk. Wale wa kisiwa cha Skye walivushwa mlangobahari wa Kylerhea kwa kuogelea, wamefungwa mmoja nyuma ya mwenzake. Mnyama asiyeongozeka asingefika mnadani.

Lakini kilo 500 za upole bado ni kilo 500. Huo ndio uzito wa jike mkubwa; fahali hufika 800. Pembe wanazo wote, dume na jike. Za jike huelekea kupanda juu, za dume hunyooka kando na mbele, nene zaidi. Watu wachache mno huchomwa kwa makusudi mahali kama hapo. Kinachotokea ni hiki: nzi anatua shingoni, ng'ombe anageuza kichwa kumfukuza, na ncha ya pembe inapita kwa kasi mahali ambapo kuna uso wa mtoto. Ng'ombe hana habari. Pembe ile ina urefu wa mkono wa mtu, na kwa mtoto wa miaka minne iko sawasawa na macho.

Kuna jambo jingine, na hili linawahusu zaidi ng'ombe wa barabarani. Upole wao wa kuja mbio uzioni kila gari linaposimama umefunzwa kwa chakula. Mnyama aliyejifunza kwamba binadamu ni ndoo inayotembea atakusukuma, atakulamba, atavuta koti lako, na usipompa ataongeza nguvu. Watoto hudhani anawapenda. Mwacheni mjukuu mdogo aamini hivyo, ila wewe ujue anachokipenda. Chakula kikiisha, onyesheni viganja vitupu na msogee hatua kadhaa nyuma. Kusimama pale pale ukimchezea pua huku huna kitu ndiko kunakomkera.

Mahali penyewe. Ulichoelezwa na wajukuu kinafanana na Kilmahog, karibu na Callander, kwenye barabara ya A84 inayotoka Stirling kuelekea kaskazini, mwendo wa saa moja hivi kwa gari kutoka Glasgow. Hapo, kando ya duka la nguo za sufu, aliishi fahali aliyeitwa Hamish, ambaye pengine ndiye ng'ombe aliyepigwa picha nyingi kuliko wote nchini humo. Alinusurika kuchinjwa katika miaka ile ya kichaa cha ng'ombe, akawa kivutio cha mabasi ya watalii kwa karibu miongo miwili, akafa mwaka 2014. Baada yake pamebaki desturi ya kuweka ng'ombe wa Highland hapo. Sipendi kuahidi nani atakuwepo siku yenu au kama chakula kitauzwa, kwa sababu wanyama huhamishwa, huzaa na huugua, na uuzaji husimamishwa mara moja ugonjwa ukisikika jirani. Binti apige simu asubuhi ya siku hiyo. Swali ni moja tu: leo mnaruhusu kulisha, na chakula kinatoka kwenu?

Ukijibiwa hapana, msikae nyumbani. Ndani ya Glasgow yenyewe, Pollok Country Park, manispaa ina kundi lake zuri sana la ng'ombe hawa, na treni inashusha karibu. Pale ni kutazama, hakuna kulisha, na kwangu mimi ng'ombe asiyesubiri karoti anapendeza zaidi kumtazama: anacheua, anajikuna mtini, anamlamba ndama. Mkienda Edinburgh, wapo wengine kwenye miteremko ya vilima vya Pentland huko Swanston. Mbali zaidi, kijiji cha Plockton kwenye pwani ya kaskazini-magharibi, huonekana wakizurura karibu na maji, ila kwa watoto wadogo hiyo ni safari ya kulala.

Na kuna vituo visivyo rasmi. Mtakuwa barabarani, mtaona magari mawili matatu yamesimama pembeni, watu wamejazana kwenye waya, mikono imeingia ndani. Hapana aliyeruhusu. Ng'ombe ni wa mtu, na mwenyewe yuko kilomita kadhaa mbali akishangaa kwa nini mtamba wake hali nyasi jioni. Mpiteni. Kwenye zile barabara nyembamba zinazotosha gari moja, hata kusimama ni kosa, kwa sababu sehemu zilizopanuliwa zimewekwa kwa kupishana, na zikijaa magari ya wapiga picha, gari la wagonjwa halipiti. Mzee anaweza kuwa amesikia kwamba Uskoti mtu ana haki ya kutembea kwenye ardhi ya wengine. Ni kweli, ipo sheria ya mwaka 2003. Haki hiyo ni ya kupita kwa adabu. Kulisha mifugo ya mwenzako haimo.

Mkishafika mahali panaporuhusiwa, mwulize anayeuza chakula wanyama wamekula kiasi gani tangu asubuhi. Mara nyingi hupewa karoti, nyasi kavu, au chakula cha punje kwenye kifuko cha karatasi. Kama mna hiari, chagueni karoti, tena ndefu. Kinywa cha ng'ombe hakifanani na cha farasi. Farasi hupewa chakula juu ya kiganja kilichonyooshwa, kwa sababu ana meno ya mbele juu na chini. Ng'ombe juu mbele hana jino hata moja, ana ufizi mgumu tu. Anachukua chakula kwa ulimi mrefu wenye mikwaruzo kama tupa, anauzungusha na kuvuta. Kwa hiyo shika karoti mwishoni kabisa, nyoosha mkono, acha ulimi uje wenyewe, kisha achia mara unapohisi mvuto. Usishindane naye. Magego yake huko nyuma ndiyo yanayosaga, na kidole kilichofuata karoti hadi huko kitaumia.

Chakula cha punje ningewaomba mkimwage kwenye hori kama lipo. Mtoto wa miaka tisa anaweza kushika karoti mwenyewe, mtu mzima akiwa nyuma yake amemshika bega. Wa miaka minne abebwe, na karoti aishike pamoja na mtu mzima. Akiogopa dakika ya mwisho, na wengi huogopa pale ulimi unapotoka, karoti itupwe ng'ambo ya uzio, na mambo yaishe kwa kicheko.

Simameni kando kidogo ya kichwa, msikae mbele yake moja kwa moja. Macho ya ng'ombe yako pembeni na yanaona karibu pande zote, isipokuwa nyuma kabisa na sehemu ndogo mbele ya pua. Lile shungi la nywele usoni halimzuii kuona. Linamkinga na mvua, upepo na wadudu. Ila akishtuliwa hurusha kichwa, kwa hiyo semeni naye kabla ya kusogea. Kiswahili kinatosha. Mkono usipite juu ya uzio wala katikati ya pembe mbili. Mkitaka kumgusa, kuna sehemu mbili tamu: chini ya kidevu na upande wa shingo, na anayetulia atanyoosha shingo mwenyewe kuomba zaidi. Paji la uso na utosi muache, hata kama kila picha mtandaoni inaonyesha mtu akipapasa hapo. Ng'ombe hupimana nguvu kwa kusukumana kwa paji. Ukimkuna hapo umemwalika, na mwaliko ataukubali.

Mzee asiingie ndani. Najua hili litakuwa gumu, naye ana haki ya kujivunia alichokijua toka utotoni. Lakini kwao kundi lilimjua: sauti yake, fimbo yake, harufu yake. Hao hawamjui, na mwezi wa nane kunakuwa na ndama wa majira ya kuchipua, na huenda fahali naye yuko pamoja na majike. Jike wa Highland ni mama mkali kweli kweli. Upole wote niliousifu hapo juu unaishia kwenye ndama wake. Kama binti ana mbwa, mbwa huyo abaki nyumbani. Ng'ombe mwenye ndama humwona mbwa kama mbwa mwitu, na matukio mengi ya watembeaji kukanyagwa Uingereza huwa na mbwa ndani yake.

Mpeni mzee kazi inayomstahili: awe msomaji wa wanyama, akiwa nje ya uzio. Watu wengi wanaosimama pale hawajui sikio linasema nini. Yeye atamwona anayekuja polepole akijilamba pua, huyo sawa. Atamwona aliyeinamisha kichwa, anayekwaruza ardhi kwa mguu, anayekoroma, au fahali anayejigeuza ubavu ili aonekane mkubwa. Akisema “tuondoke”, muondoke wote, bila mjadala.

Mikono. Hapa nitakuwa mkali, kwa sababu ya mjukuu mdogo. Ng'ombe mwenye afya tele anaweza kubeba tumboni bakteria aina ya E. coli O157, asiugue hata kidogo. Wako kwenye kinyesi, na kwa hiyo wako kwenye manyoya, kwenye uzio, kwenye matope na kwenye ulimi uliotoka kujilamba. Bakteria wasiofika 100 wanatosha kumwangusha mtu, na kwa watoto chini ya miaka mitano hatari kubwa ni figo kushindwa kazi. Uskoti ni miongoni mwa nchi ambazo ugonjwa huu hujitokeza zaidi kwa kulinganisha na idadi ya watu. Mwaka 2009 shamba moja la wageni huko Surrey, kusini mwa England, liliacha watu 93 wagonjwa, wengi wao watoto.

Sabuni na maji yanayotiririka, mpaka vifundo vya mikono, mara tu mnapotoka uzioni. Ile jeli ya mikono tuliyoizoea tangu Korona haitoshi kwenye uchafu wa shambani. Mahali pasipo na bomba, bebeni galoni la maji na kipande cha sabuni kwenye gari, kama tunavyofanya kwenye msiba wa kijijini. Hakuna pipi, biskuti wala kunyonya kidole karibu na ng'ombe. Viatu vya watoto vivuliwe kabla ya kuingia garini, viwekwe mfukoni. Na kama binti ni mjamzito, anaweza kuja, ila asiguse kondoo walio jirani, maana kondoo wana magonjwa yao yanayoharibu mimba.

Kuhusu siku ya kwenda: shule za Uskoti hufunguliwa katikati ya mwezi wa nane, kwa hiyo nendeni kabla wajukuu hawajarudi darasani. Mkiweza kwenda siku ya kazi, asubuhi, mtawakuta wanyama wana njaa kidogo na watu wachache. Mchana wa Jumamosi wanakuwa wameshiba, wamelala mbali, na watoto hulia. Bebeni makoti ya mvua hata jua likiwaka, na mabuti. Visubi wa huko ni wadogo kuliko wetu na wabaya zaidi. Hutoka kwa mawingu asubuhi na jioni hewa ikitulia, na upepo kidogo tu huwafukuza. Kama mzee ataendesha, asihofu upande wa barabara, ni kushoto kama Tanzania. Callander treni haifiki, reli iling'olewa zamani. Bila gari ni treni hadi Stirling kisha basi.

Nimalizie na swali lake. Baridi ya Kilimanjaro ng'ombe huyu angeiona mchezo. Ana manyoya tabaka mbili, la nje refu lenye mafuta ambalo hufika sentimita 30, na la ndani laini kama pamba, kiasi kwamba hahitaji mafuta mengi chini ya ngozi. Kinachomshinda kwetu ni kupe. Yule kupe wa kahawia wa masikioni hubeba ndigana kali, na ng'ombe wa Ulaya hawana kinga ya kuzaliwa nayo. Ndama wa kigeni asiyechanjwa anaweza kufa ndani ya wiki chache. Chanjo ipo, ile iliyotokana na utafiti wa Muguga huko Kenya, inayotolewa sambamba na sindano ya oksitetrasaiklini, na Wamasai wengi wa kaskazini mwa Tanzania wanaitumia. Lakini jaribu kumtafuta kupe, au kufikisha dawa ya kuogeshea hadi kwenye ngozi, kwa mnyama mwenye nywele za kusukika. Akishuka tambarare kidogo, joto nalo linamwandama. Na baada ya taabu yote hiyo maziwa yake ni ya ndama tu, yana mafuta mengi lakini ni machache. Huyu ni ng'ombe wa nyama. Mfugaji wa Moshi mwenye robo ekari anataka lita.

Kama kinachomvutia mzee ni pembe, yupo Ankole, ambaye za kwake ni kubwa kuliko za hao wa Uskoti, na mishipa ya damu iliyomo ndani humsaidia kupunguza joto la mwili. Wapo Uganda na Rwanda, na hapa nyumbani wapo Karagwe. Huko basi linafika.